Vasvija Lemeš, Mshenga wa Ukumbi wa Fenjer

Ndugu waombolezaji, majirani wa Bistrik, wafanyakazi wa ukumbi wa Fenjer mlioko kazini na mliostaafu, na ninyi wageni wa kutoka ofisi kubwa mliokuja na mashada mapana kuliko jeneza lenyewe, familia imenipa mimi Šejla, mtoto wa dada yake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na ninawaomba mnivumilie, kwa sababu wiki zake za mwisho alikaa nami mezani akaniambia nini nikisome na nini nisithubutu kukipamba.

Marehemu Vasvija alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 katika mtaa wa Bistrik hapa Sarajevo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Abid Lemeš, mfua shaba, na Bi Hasiba, aliyeshona nguo za watu nyumbani, na alikulia katika chumba cha juu ya karakana ambamo nyundo zilianza alfajiri na kunyamaza jioni, ndiyo maana watu wote wa nyumba ile walizungumza kwa kupaza sauti hata walipokuwa wanasengenya. Sauti yake ile mliyoisikia mpaka viti vya nyuma hakufundishwa na mtu, aliipata kwa kuomba chumvi mezani wakati baba yake anafua birika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Bistrik kuanzia mwaka 1951 hadi 1959, kisha sekondari ya wasichana hadi 1963, ambapo alifeli hesabu mara mbili na kuchekesha darasa mara nyingi zaidi, na mwaka huo huo akapanda treni kwenda Belgrade kusomea uigizaji, akahitimu mwaka 1967. Baba yake hakumsindikiza kituoni, aliwaambia wafua shaba wenzake, "Binti yangu anakwenda kusomea uongo, na watampa cheti," na kwa miaka minne hakumwandikia hata salamu. Alipoigiza kwa mara ya kwanza hapa mjini mzee alikuja, akakaa kofia ikiwa gotini, mchezo ulipokwisha akaenda nyuma ya jukwaa na birika jipya alilolifua kwa mkono wake, akamkabidhi na kusema, "Sikuelewa kitu, mwanangu, lakini nilikusikia." Birika hilo ndilo lililochemshiwa kahawa mliyokunywa asubuhi ya leo.

Tarehe 1 Septemba 1968 aliajiriwa katika ukumbi wa Fenjer, uliokuwa na ambao bado upo chini ya ardhi, katika jengo la zamani la bima, na hakuwahi kuajiriwa mahali pengine. Mwaka 1972 alipewa nafasi ya Mshenga katika komedi moja ya hapa kwetu, bibi kizee anayekunywa kahawa nyumba hadi nyumba akiwadanganya watu wa bwana harusi na watu wa bibi harusi kwa zamu, na kwa kuwa yeye alikuwa na miaka ishirini na minane na meno meupe kama ya tangazo la dawa ya mswaki, alipelekwa kwa fundi wa meno ya bandia. Fundi huyo aliitwa Tvrtko Jelavić. Alimfungua mdomo, akautazama, akaufunga tena kwa kidole. "Dada, haya ni mazima, mimi nifanye nini hapa?" Akamjibu, "Nitengenezee mabovu, kaka, mabovu kuliko yote uliyowahi kumpa mtu ukaona aibu."

Alimtengenezea meno ya ajabu, ya manjano, marefu upande mmoja, yaliyolegezwa kwa makusudi ili katika sehemu ya pili ya mchezo yadondoke ndani ya kikombe cha kahawa mbele ya wakwe, kisha akanunua tiketi aje kuona kazi yake inavyofanya kazi. Aliendelea kuja. Alikaa safu ya tatu, na kwa kuwa aliujua mchezo kwa moyo, alicheka kidogo kabla ya mzaha kufika, hadi watu wakawa wanamwambia, "Bwana Tvrtko, tungoje na sisi tuliolipa." Walifunga ndoa tarehe 20 Oktoba 1973 katika ofisi ya manispaa, mama yake Tvrtko akaleta picha ya mtakatifu na bibi yangu Hasiba akaipokea kwa mikono miwili, akaifungia kwenye droo yenye Kurani, na hapo mambo ya dini katika familia yetu yakaishia. Tarehe 3 Juni 1975 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Nives, ambaye yupo nasi hapa mbele.

Vita vilipotufikia Aprili 1992 na mji ukafungwa pande zote, watu wa mlimani wakiwa na mizinga na sisi bondeni tukiwa na ndoo, Nives alipandishwa basi la mwisho la watoto kuelekea Slovenia, na baba na mama yake wakabaki, mmoja akitengeneza meno kwa plastiki ya mabomba, mwingine akirudi Fenjer kila siku kuuliza lini watafungua. Walifungua mwezi Septemba. Walicheza saa za mchana kwa sababu umeme haukuwepo na jioni mtu hakuruhusiwa kutoka, watazamaji wakaja na makoti na glavu, kila mmoja akiwa na kipande chake cha mshumaa wa kuweka ukingoni mwa jukwaa, na waliurudisha ule mchezo wa Mshenga kwa kuwa watu walisema wana misiba ya kutosha nyumbani, wanataka kuona harusi. Pita ya karamu ile, andazi letu la kujazwa viazi, ilikuwa ya karatasi ngumu iliyopakwa rangi. Marehemu alimwambia mwongozaji wake, Bwana Nijaz Kurbeg, "Nijaz, mimi nitaigiza shibe, lakini tumbo langu halina diploma."

Humo ndimo walimowekeana ile ahadi ambayo wengi wenu mnaijua, kwamba onyesho likianza halikatizwi, kombora lianguke, mshumaa uishe, mtu azimie, halikatizwi, maana wale wa mlimani wametunyang'anya maji, umeme na barabara, basi wasituchukulie na mwisho wa mchezo. Na ningekuwa nawadanganya mbele ya jeneza kama nisingesema kwamba aliyeipigia debe ahadi hiyo kuliko wote alikuwa marehemu mwenyewe, ambaye alipanda juu ya kiti, sigara mkononi, akatangaza, "Hata nikifa mimi, nivuteni miguu mpaka pembeni, mmalizie!" Watu walicheka sana, na Tvrtko, kama kawaida yake, alianza kabla yao.

Jumamosi tarehe 6 Februari 1993 maji yalitoka ghafla kwenye bomba la uchochoro wa chini ya nyumba yao, baada ya siku nyingi za ukavu, na mtu akisikia maji yametoka haachi. Tvrtko alichukua makopo, akamwambia mkewe mlangoni, "Tangulia, Vasva, nijaze haya halafu nakuja, nitawahi meno." Maana yake atawahi sehemu ya pili, pale meno yanapodondoka. Marehemu alishuka kwenda Fenjer akiwa amevaa nguo za Mshenga tayari, kwa sababu kule chini kulikuwa na baridi isiyoruhusu mtu kubadilisha nguo, na kombora lilianguka pale bombani wakati sehemu ya kwanza inaendelea.

Jirani yetu Munib Čomaga, zimamoto mstaafu, pamoja na wengine, waling'oa mlango wa banda la mtu wakamlaza Tvrtko juu yake, wakamfikisha hospitali akiwa hai, ana fahamu zake, tumbo limechanika, na daktari alimvuta Munib pembeni akamwambia, "Kama ana mtu wake, mlete sasa hivi." Munib alikimbia. Njiapanda zote mbili za wadunguaji alizipita bila kuinama, mzee yule mnene, akafika Fenjer mapumziko ndiyo yanaanza, akaingia kwa mlango wa nyuma, akakutana na Bwana Nijaz koridoni.

Maneno yafuatayo alitusimulia Munib mara nyingi, na Bwana Nijaz, aliyeketi pale safu ya mbele, hajawahi kuyakana. Munib alisema, "Nipe Vasvija, mumewe anakufa, anamwita." Nijaz akamshika mabega. "Sehemu ya pili ni fupi, Munib, kaa upumue kwanza."

"Nipumue nini wewe! Mtu anakufa kule!"

"Ukumbi umejaa. Hawa wote wamevuka chini ya risasi. Na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, ulikuwepo ukacheka. Mwache amalize."

Waigizaji wawili walisimama katika korido ile nyembamba ili Munib asipite, sitawataja, mmoja ameshatangulia na mwingine anajijua. Wakamtoa hadi ukumbi wa kuingilia, akakaa kwenye ngazi, akalia kwa sauti mbele ya watu waliokuwa wanavuta sigara yao moja ya kupokezana, wakamwuliza ana nini, akawaambia, na kengele ya kurudi ndani ilipopigwa, habari iliingia pamoja nao, ikapita sikio hadi sikio, safu baada ya safu, mpaka ndani ya ukumbi mzima akabaki mtu mmoja tu asiyejua, naye ndiye aliyekuwa juu ya jukwaa.

Nawaomba mfikirie hilo kidogo, maana yeye alilifikiria miaka ishirini na minne. Hakuna aliyecheka. Mshenga alisema uongo wake wote kwa wakwe, hakuna aliyecheka, akachungulia safu ya tatu gizani, akajiambia Tvrtko bado yuko kwenye foleni, akaongeza juhudi, akapinda mgongo zaidi, akakwaruza sauti zaidi. Akaangusha meno kikombeni. Kimya. Akadhani ameharibu, mtu wa kazi yake, akayaokota kwa kijiko, akayavaa, akayaangusha tena. Mwanamke wa safu ya mbele alijifunika uso kwa skafu. Hakuna hata mmoja katika watu wale wema, waungwana, waliosoma, waliovuka risasi kwa ajili ya sanaa, aliyesimama akasema, "Vasvija, nenda." Ingetosha mtu mmoja. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nilikuwa nyumbani nalinda jiko, na mpaka leo nawachukia kwa hilo, na nalisema nikiwa na karatasi mkononi ili msidhani nimeteleza ulimi.

Mwisho wa mchezo walisimama wote wakapiga makofi ambayo ukumbi ule haukuwahi kuyasikia, wakilia, na mgeni mmoja aliyekuja na kamera kutoka nchi zenye mkate akapata picha yake aliyoitafuta, bibi kizee mwenye meno mabovu akiinama, mkono kifuani, anatabasamu. Aliingia pembeni akiwa anahema, akamwambia Nijaz, "Leo walikuwa wagumu kama mawe, lakini umeona? Mwishoni nimewapata." Hapo ndipo Nijaz alipomwambia.

Alikimbia kama alivyo. Muuguzi aliyempokea mlangoni, Bi Ljerka, aliona makunyanzi, kitambaa cha kizee, na meno yale, akamshika mikono akamwambia kwa upole, "Pole sana, mama, mwanao ametutoka sasa hivi." Na alipojua makosa yake, na marehemu akamng'ang'ania amweleze yote, alimweleza, kwamba kila mlango ulipofunguliwa Tvrtko aliuliza, "Ni Vasva?" na baadaye akawa hasemi jina, anageuza macho tu. Tvrtko Jelavić alizikwa Jumatatu tarehe 8 Februari katika makaburi haya ya Lav, giza likiingia, kwa sababu mchana wale wa mlimani walipiga hata mazishi. Nives alipata habari ya baba yake kupitia redio ya mtu mmoja wa kujitolea, kwa sentensi moja, iliyokatika katikati.

Ile picha ilizunguka dunia, mmeiona, hata watoto wenu wameiona shuleni, huonyeshwa kila Aprili siku ya kumbukumbu, na chini yake huandikwa mambo ya ushindi wa sanaa dhidi ya vita. Marehemu alikwenda mwenyewe kuomba waache kuionyesha, akaambiwa kwa heshima zote kwamba sasa hiyo ni mali ya wote. Bwana Nijaz alialikwa nayo nchi nyingi, akazungumza vizuri, akarudi na vyeti. Mimi sijui sanaa ilimshinda nani siku ile, kwa sababu wale wa mlimani waliendelea kutupiga miaka mingine mitatu, ninayemjua ni mmoja tu aliyeshindwa, naye alikuwa amelala hospitali anaangalia mlango.

Mwaka 1998 Bwana Nijaz alikuja nyumbani na boksi la chokoleti, akasema, "Vasva, nilikuwa nalinda onyesho." Akamjibu, "Ulililinda vizuri, Nijaz, lilifika mwisho." Akampa kahawa, akaila ile chokoleti yote mbele yake, polepole, bila kumkaribisha, na mambo hayo hayakuzungumzwa tena. Watu walimwuliza kwa nini hakuacha kazi, akasema, "Niende wapi, nikafue shaba?" Aliendelea Fenjer mpaka alipostaafu tarehe 31 Desemba 2009, lakini nafasi ya Mshenga hakuigusa tena, na alikuwa na tabia moja ambayo vijana mlioanza kazi baada ya vita mliiona kama kituko cha mama wa makamo. Kila mapumziko, awe malkia, awe mwosha vyombo, alitoka na mavazi yake hadi ukumbi wa kuingilia, katikati ya watazamaji wanaovuta sigara, akasimama pale kwenye ngazi na kuuliza kwa sauti ile ya kwao, "Kuna mtu ananiulizia?" Wengine walicheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alingoja, akawatazama mmoja mmoja, na asipojibiwa ndipo aliporudi ndani.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 marehemu alianza kuugua mapafu, madaktari wakamkataza sigara, akawaitikia kwa kichwa na kuwasha nyingine akifika barabarani, akalazwa mara kadhaa, mara ya mwisho tarehe 9 Novemba mwaka huu wa 2017, na alifariki dunia Jumanne tarehe 21 Novemba, mchana, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake. Wiki hiyo ya mwisho uongozi wa Fenjer ulituma ujumbe kwamba, kama desturi ya waigizaji wetu ilivyo, jeneza lake litawekwa jukwaani na mji utamuaga kwa makofi ya mwisho, watu wakiwa wamesimama. Nilimfikishia ujumbe huo kitandani. Alitoa kinyago cha hewa. "Waambie wakinipigia makofi nitaamka, na nikiamka watajuta." Akakirudisha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wote waliomhudumia, na kwa namna ya pekee daktari kijana wa zamu ya asubuhi, ambaye alimpigia Nives simu Ljubljana mapema, hakungoja matokeo wala ruhusa ya mtu, alisema tu, "Dada, panda gari sasa," na Nives akawahi. Tunamshukuru Bi Ljerka, aliyekaa pale na fimbo yake, aliyemshika mkono Tvrtko pale ambapo mkewe hakuitwa, na ambaye tangu siku ile amekunywa kahawa nyumbani kwetu kila Jumamosi. Tunawashukuru watoto wa marehemu Munib, baba yenu alikimbia, na alikufa mwaka 2011 akiomba radhi kwa kutokupita kwenye korido ile, mwambieni mkienda kaburini kwake kwamba alisamehewa bila kuwahi kukosa. Majirani wa Bistrik, tunawashukuru kwa kuni, pita na vicheko. Wafanyakazi wenzake, tunawashukuru kwa mashada, kwa gari, na kwa kukubali kukataliwa jukwaa.

Kuhusu tuzo na nishani, marehemu alipokea mwaka 1974 tuzo ya mwigizaji bora wa komedi wa jiji, mwaka 1981 tuzo ya jamhuri kwa mchango wake katika maigizo ya redio, mwaka 1994 nishani ya heshima kutoka ng'ambo, ambayo kwa niaba yake alikwenda kuipokea

Hapa nakatiza. Zimebaki kurasa mbili na nilizichapa vizuri, wageni wa ofisi kubwa wametajwa humo kwa vyeo vyao, lakini marehemu aliniagiza hivi, "Ukifika kwenye tuzo, Šejla, kata, funga karatasi katikati ya sentensi, hata kama wanasikiliza, hasa kama wanasikiliza, mnipeleke." Basi nimefunga. Vijana, shikeni jeneza. Kaburi lake liko wazi tangu asubuhi, limechimbwa pembeni ya la Tvrtko, na asiwepo mtu wa kupiga makofi, mikono yenu iwekeni mifukoni kuna baridi. Lala karibu naye, mlale salama wote wawili, na utuwie radhi sisi tuliochelewa.

Mama Mdogo, toka. Kuna mtu anakuulizia.